Kabla ya Kusema "Hanitafuti Siku Hizi"

Kazi yangu ni ufundi wa simu, na meza yangu iko Mwanza mjini, upande wa Makoroboi, ambako kwa siku moja naweza kufungua simu ya mvuvi, ya mwanafunzi wa chuo, ya mama lishe na ya mstaafu. Mwaka jana alinijia bibi mmoja kutoka Ukerewe, aliyekuja kwa meli ya Nansio, akaitoa simu yake ya kitochi kwenye fundo la kanga na kunieleza kwamba simu ni nzima kabisa, ila mwanawe aliyeko Geita ameacha kumtafuta tangu kabla ya mvua. Alichotaka ni nimwambie kama namba ya mwanawe bado ipo. Niliipigia simu yake kwa simu yangu: kioo kikawaka, namba yangu ikaonekana, lakini hakukuwa na mlio wala mtetemo. Kuna mjukuu aliyewahi kuichezea akaiacha kwenye hali ya kimya. Nilipofungua orodha ya simu zisizopokelewa nilikuta jina la yule kijana limejipanga kutoka juu hadi mwisho wa orodha. Bibi hasomi, na yeye mwenyewe hakuwa amepiga, kwa sababu aliona haipendezi mzazi kumbembeleza mtoto. Tulimpigia pale pale, na sauti ikatoka kwenye spika: "Shikamoo mama. Nilidhani umenikasirikia." Bibi akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama watoto wamekula.

Tangu hapo mtu akiniambia kwamba ndugu yake hamtafuti, swali langu la kwanza huwa la kifundi. Hata hivyo najua kwamba ukimya mwingi hauponi kwa bisibisi. Kumtafuta mtu, kama tunavyolitumia neno hilo kila siku, ni kumjulia hali pasipo shida iliyokulazimisha, na simu imetupatia njia nyingi za kuonekana kama tumefanya hivyo ilhali hatujafanya: tumetuma hela, tumetazama hali yake aliyoiweka hewani, tumeandika "pole" kwenye kundi la ukoo. Anayetuma huhisi amemaliza wajibu wake. Anayepokea hubaki mpweke, na hana hata pa kulalamikia, maana akifungua kinywa ataonyeshwa tarehe na saa ya kila kilichotumwa. Maelekezo yanayofuata nimeyaandika kwa ajili ya watu wa huku kwetu, ambao familia moja inaweza kuwa na mzazi Sengerema, kaka kwenye kambi ya dagaa kisiwani, dada Igoma na mdogo wa mwisho chuoni Malimbe.

Anza na kifaa cha mzazi

Siku utakayomtembelea mzazi, omba simu yake na uipigie kwa simu yako ukiwa chumba kingine. Sikiliza kama inalia kwa sauti anayoweza kuisikia akiwa jikoni au uani, kisha zungumza naye kupitia simu hiyo ili ujue kama spika ya sikioni bado ina nguvu, kwa sababu vumbi la unga na moshi huiziba polepole na mzee huanza kukata simu mapema akidhani wewe ndiye unayenong'ona. Baada ya hapo bonyeza ##002# na kupiga, ambayo ni amri ya kufuta uelekezaji wote wa simu, endapo simu zake zimekuwa zikipelekwa kwingine bila yeye kujua. Fungua pia orodha ya namba zilizozuiwa. Nimewahi kumkuta humo binti wa kuzaa, aliyezuiwa na kidole kilichoteleza.

Kagua laini yenyewe. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa zilipoanza kufungwa Januari 2020, baadhi ya wazee ninaowahudumia hawakuwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA, hivyo wakapewa laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu au la jirani. Ukibonyeza *106# utaona laini imesajiliwa kwa jina la nani. Kama jina si lake, lishughulikie mapema, kwa kuwa siku mwenye jina atakapoifunga laini hiyo, mzazi atapoteza namba ambayo ukoo mzima unaijua, pamoja na hela iliyomo. Mwisho, andika namba muhimu kwa kalamu nene kwenye karatasi na uibandike ukutani, kisha weka namba yako kwenye upigaji wa haraka ili kitufe cha 2 kikishikiliwa kwa muda kikupigie wewe. Kazi yote hii haizidi nusu saa, na mimi nikiifanya mezani naitoza fedha, kwa hiyo ukiifanya mwenyewe umenikosesha riziki, lakini nakuruhusu.

Hela isitangulie sauti

Huduma za kutuma fedha kwa simu zilianza nchini mwaka 2008, na sina nia ya kuzilaumu, kwa sababu nakumbuka zilivyokuwa siku za bahasha. Hela ilikabidhiwa kondakta wa basi au msafiri wa meli, ikafika na siku zake, na mara nyingine haikufika. Lakini bahasha ile ilibebwa na mtu. Alipofika nyumbani alikaribishwa kiti na maji ya kunywa, akaulizwa kama kijana amenenepa au amekonda, akaeleza chumba alichopanga kilivyo, na huenda aliondoka na furushi la mihogo mikavu la kurudisha mjini. Leo hela inafika ndani ya sekunde chache, na ujumbe unaoambatana nayo una jina lako kamili, kiasi, na namba ndefu ya muamala. Mama asiyesoma humwita mtoto wa jirani amsomee, na mtoto husoma kila kitu mpaka ile namba ya muamala, kwa sababu hajui kipi ni salamu na kipi siyo.

Kwa hiyo piga kwanza, kisha tuma. Zungumza naye mambo mengine, mvua, kuku, shamba, mgonjwa wa jirani, na ukifika kwenye hela sema ni ya nini, hata kama ni ya sukari tu. Tuma na ya kutolea, maana aliyetumiwa 20,000 kamili akakatwa makato kwa wakala hajapokea ulichosema umempa, na wazazi wengi hulimeza hilo kimya. Kesho yake piga tena uulize kama wakala alikuwa na fedha taslimu, kwa kuwa vijijini na visiwani si ajabu mtu akarudi mara mbili au tatu kabla ya kutoa. Simu hiyo ya pili ndiyo yenye thamani, kwa sababu haina kinachoisukuma.

Ukiwa huna hela, piga vilevile. Nimesikia vijana wengi pale mezani wakisema wameacha kupiga nyumbani kwa sababu hawana cha kutuma na wanaona aibu. Mzazi naye, upande wa pili, anaeleza kwa majirani kwamba mwanawe amebadilika. Kati ya yote ninayoyaona kwenye kazi hii, hili ndilo linalonisikitisha kuliko simu iliyotumbukia ziwani. Mwambie mama waziwazi: "Leo sina kitu, nimekupigia nisikie sauti yako tu." Zamani hata mwenye salio dogo alibipu, na familia zilikuwa na lugha yake: mlio mmoja nimefika, miwili nipigie. Mabando yalipopungua bei lugha hiyo ikafa, na sijui kwa nini tuliona haya kuihifadhi.

Ulichokiona hewani ni deni

Watu wanapoweka picha na maneno kwenye WhatsApp ili yaonekane kwa saa 24, wenyewe huona orodha ya waliotazama. Hapo ndipo limezaliwa kosa jipya katika udugu, ambalo wazee wetu hawakuwa na jina lake. Dada ameweka picha ya mkono wa mtoto wenye dripu, pasipo maelezo. Wewe umeitazama saa 2 usiku, jina lako likaonekana kwake, ukaendelea na ya mtu mwingine aliyeweka vichekesho. Laiti usingejua, angekusamehe. Ila anajua kwamba unajua.

Utaratibu ninaoupendekeza ni mwepesi. Ukiona hewani habari ya ugonjwa, msiba, uzazi, safari ya mbali au kufukuzwa kazi, piga siku ile ile. Kama upo mahali usipoweza kuzungumza, rekodi ujumbe wa sauti unaolitaja jambo lenyewe: "Nimeona mkono wa mtoto una dripu, ana nini, mpo hospitali gani?" Kidole gumba au uso unaolia havitoshi hapo. Kwa habari nyingine, za chakula na nguo mpya, tazama upite kwa amani, hakuna anayekudai.

Kundi la ukoo nalo lina kanuni yake. Msiba ukitangazwa, watu 80 huandika maneno yale yale ya pole, na wengine hunakili ya aliyetangulia pamoja na makosa yake ya tahajia. Andika ukipenda, lakini usihesabu kwamba umetoa pole. Mpigie mfiwa, au kama simu yake haipatikani kwa wingi wa wapigaji, mpigie aliye karibu naye, kisha panga siku ya kwenda kukaa matangani hata kama maziko yamepita. Mchango wako utume na uandikwe kwenye orodha kama kawaida, ila ufahamu kwamba orodha ile inasomwa na mwekahazina, wakati mkeka unaangaliwa na mfiwa. Kelele za kundi zikikuchosha usijitoe, kwa kuwa kujitoa huonekana kama kutangaza ugomvi. Linyamazishe kwa wiki moja au moja kwa moja, na uwe unapita humo jioni kusoma yaliyojiri.

Tiki moja usiku wa giza

Nimetengeneza simu nyingi za wavuvi wa dagaa zilizoingia maji, na kwa kupitia wake zao nimejifunza jinsi alama ndogo ya tiki kwenye ujumbe wa WhatsApp inavyoweza kuvunja nyumba. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za sola na betri, na kazi hiyo huenda na mwezi: katika siku za giza wavuvi wapo majini usiku kucha, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, hivyo wengi hupumzika na baadhi hurudi nyumbani. Mume akiwa majini mtandao hukatika. Mke aliyeko Kirumba ametuma ujumbe saa 3 usiku, umebaki na tiki moja. Saa 10 alfajiri bado tiki moja. Anawaza dhoruba, kisha anawaza mwanamke mwingine wa kambini, na kwa kawaida huyo wa pili humkosesha usingizi zaidi.

Ni vyema wote wawili wajue alama hizo zinasema nini na wapi zinaishia. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwako haujafika kwenye simu yake, iwe imezimwa, haina mtandao au haina bando. Tiki mbili za kijivu maana yake umefika kwenye kifaa, ambacho kinaweza kuwa kwenye chaji dukani kwa mtu. Tiki za bluu, zilizoanza mwaka 2014, zinasema ujumbe umefunguliwa. Hazisemi umesomwa na nani, wala kama aliyeufungua alikuwa na nafasi ya kujibu. Tiki za bluu zinaweza kuzimwa kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, lakini ukizizima za kwako huoni tena za wenzako, na kwenye makundi zinaendelea kuonekana. Mimi huwashauri wanandoa wazizime wote wawili kwa mwezi mmoja wajaribu.

Linalosaidia zaidi ni kupatana saa. Kabla hajaondoka, mvuvi na mkewe wakubaliane kwamba katika siku za giza simu itapigwa asubuhi, mtumbwi ukishatia nanga na dagaa wakishaanikwa, na kwamba usiku hakuna anayemdai mwenziwe jibu. Wakubaliane pia juu ya mtu mmoja wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, ambaye mke anaweza kumpigia kama asubuhi imepita pasipo sauti. Ujumbe wa usiku utumwe kama mtu anavyoacha chakula kimefunikwa mezani, atakayerudi atakikuta. Simu yenyewe aiweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha kabla ya kupanda mtumbwi, maana ikiingia maji hata utaratibu huu utakuwa hauna kazi.

Nyumbani kwenyewe

Hapa sina ubavu wa kuwahutubia watu. Mke wangu aliwahi kunisubiri nimalize kusoma kitu kwenye simu wakati ugali na sato viko mbele yetu, na nilipoinua macho sahani zilikuwa zimefunikwa na watoto wamekwenda kulala. Hakusema neno. Tangu siku hiyo simu zote za nyumba, pamoja na ya mgeni akikubali, zinakaa kwenye chaji ya sebuleni kuanzia chakula kinapotengwa mpaka vyombo vinapoondolewa, na yangu nimeiweka sauti ya mlio tu ili nisikie kama kuna msiba.

Jaribio moja kubwa lililofanyika Marekani mwaka 2018 lilinipa moyo. Watafiti waliwalipa watumiaji wa Facebook waifunge kwa wiki 4. Walioifunga walipata wastani wa dakika 60 kwa siku, wakatumia sehemu ya muda huo pamoja na ndugu na marafiki, na hali yao ya moyo iliboreka, ingawa kidogo. Napenda neno "kidogo" hapo, kwa sababu anayekuahidi kwamba ukizima simu utakuwa mtu mwingine anakuuzia kitu. Dakika 60 zinatosha.

Aliye peke yake chumbani

Huwa nasikia ikisemwa kwamba upweke ni ugonjwa wa Ulaya, na kwamba sisi wenye ukoo na majirani hautuhusu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba katika nchi za kipato cha chini ni takriban asilimia 24, zaidi ya maradufu ya nchi tajiri, ambako ni kama asilimia 11. Vijana wamo miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Mimi sikushangaa. Kijana aliyetoka Magu akapanga chumba Nyegezi ana majina 600 kwenye simu, na akipata homa usiku hana wa kumgongea mlango.

Ukiwa wewe ndiye kijana huyo, usianze kwa kutafuta marafiki mtandaoni. Wiki ya kwanza wajue majirani wa pande zote mbili kwa majina, uwape namba yako na uchukue zao. Kisha jiunge na kitu kimoja ambacho usipofika watauliza uko wapi: kwaya, darasa la msikitini, jumuiya ndogo ndogo, timu ya mchangani, kikoba. Kiwe kinakutana siku maalumu na kiwe cha kwenda kwa miguu, ili ukosefu wa nauli usiwe kisingizio. Kwenye simu, punguza kutazama na ongeza kuzungumza: kila jioni, kabla hujaanza kupitisha video kwa kidole, mpigie mtu mmoja. Na kama unyonge umekaa wiki kadhaa, usingizi na hamu ya kula vimepotea, au umeanza kuwaza kujidhuru, hilo si la kutibiwa na kwaya; mweleze mtu unayemwamini na uende hospitali, hapa Mwanza Bugando wana wataalamu wa afya ya akili. Mtoto mwenye shida anaweza kupiga 116 bure.

Kwenda

Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kama kilomita 3, na gari linavuka kwa dakika chache mahali ambapo tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko mpaka jua likazama. Sababu ya "usafiri wa kule unasumbua" imekwisha kwa wenye wazazi Sengerema na Geita. Tenga siku moja katika kila miezi miwili au mitatu, iandike kwenye kalenda ya simu kama unavyoandika marejesho ya mkopo, na uitangaze kwa mzazi ili asishike jembe siku hiyo. Ukifika usiitoe simu kumpiga picha kabla hamjasalimiana na kukaa. Picha zitakuja jioni, na umwonyeshe, na umuulize ipi uiweke hewani.

Ila simu moja piga mapema. Ukishafika uani, kabla hujabisha hodi, ipigie simu yake na usimame usikilize kama inalia ndani.